Kiondo Nilichokivua Langoni Ruiru

Nilikuwa karani wa tikiti kwenye lango la soko la Ruiru, na nilijiona mtu kweli kweli. Kaptula ya kaki imepigwa pasi, penseli iko nyuma ya sikio, na hakuna mwanamke aliyeshusha hata kiazi kimoja kabla ya kunilipa ushuru. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla serikali haijatangaza hali ya hatari. Kazi hiyo ndiyo iliyonipatia mke, maana baba yake hakutaka kusikia habari za kijana asiye na mshahara. Niliamini pia kwamba ndiyo itakayomweka nyumbani kwangu Thika.

Halafu ushuru ukabadilishwa. Zamani tulitoza mahali pa kuuzia. Sasa tukaamriwa tutoze kila mzigo ulioko mgongoni, na mama mwenye kiondo cha maharagwe na mkungu wa ndizi juu yake akawa analipa mara mbili. Wanawake walinijia juu.

"Kichwa cha mzee tumelipia, nyumba tumelipia, sasa tulipie na mgongo?" mmoja aliniuliza. Akageuka kunionyesha mtoto aliyembeba. "Na huyu je, karani? Mkatie tikiti basi!"

Nilicheka, nikamkatia tikiti ya ndizi na nyingine ya maharagwe. Nilikuwa mjinga wa kupindukia.

Jumamosi moja asubuhi wakaja wote pamoja kwa mstari, na aliyetangulia alikuwa mama mkwe wangu kutoka Kalimoni. Kwetu Wagikuyu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Humwangalii usoni, huli mbele yake, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia majanini mpaka apite. Kumgusa ndiyo usiseme. Wanawake wale walilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Nikainuka, nikasogea kando, nikaelekeza uso kwenye ua. Mama akaja mpaka katikati ya lango akasimama, naye akanipa mgongo kwa heshima. Wenzake wakaanza kupita pembeni yake, mmoja mmoja, bila tikiti, wakicheka chini kwa chini. Nakiri hata mimi nilitaka kucheka, maana walikuwa wamenipata.

Ndipo bwana ushuru, Mzungu, akafika na gari lake kutoka Thika.

"Karani! Hii mama nalipa?"

"Bwana, huyu ni mama mkwe wangu."

"Mimi hapana uliza mama ya nani. Kama hapana lipa, kamata mizigo. Kama wewe hapana kamata, basi, kazi kwisha."

Ningeweza kumrudishia kitabu chake cha tikiti. Hata leo nashangaa kwamba sikufanya hivyo. Nilimfikiria mke wangu, nikaona nikikosa mshahara nitamkosa na yeye. Nikamkaribia mama yake kwa nyuma, nikaushika ukanda wa ngozi wa kiondo chake cha viazi, uliopita kwenye paji la uso wake, nikauvua. Vidole vyangu viligusa jasho lake. Ukanda ulikuwa umemchimbia alama usoni, nami niliiona.

Nilitegemea matusi, lakini hakuna aliyenitukana. Kicheko kilikatika, na bibi mmoja akasema, "Ngai! Amemgusa."

Waliokuwa wameshaingia wakarudi nje. Kila mmoja alishusha mzigo wake mbele ya Mzungu akaenda zake mgongo mtupu. Wa mwisho alimwambia kwa Kiswahili, ili asikie vizuri, "Chukua yote. Shamba mlichukua, sasa mko na chakula yake." Tulibaki mimi na Mzungu katikati ya viazi na ndizi, na hakuna mtu aliyeziokota.

Soko lilikaa tupu kwa majuma. Wanaume waliokuwa wakisema ushuru ni mambo ya wanawake sasa walikutana kila siku, na kwa mara ya kwanza niliwasikia watu wapole, watu wa kanisani, wakisema wazi kwamba Mzungu aende kwao. Nilishtuka. Sikujua kwamba kiondo cha viazi kingeweza kuwafikisha huko, na mimi ndiye niliyekivua.

Mke wangu aliniuliza neno moja tu: "Ulimgusa?" Nikaitikia. Asubuhi iliyofuata aliaga kwamba anakwenda kumwona mama yake. Nikatafuta kondoo wa kuomba msamaha, nikamfuata Kalimoni.

Nilipofika nilisimama mbali, nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Mama mkwe akatoka, akanijia moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanitazama machoni jinsi unavyomtazama mpita njia yeyote.

"Karani," akasema, "umepotea? Hapa si sokoni."

Nyuma yake, mlangoni, niliona sanduku la mke wangu.