Birika la Bujiku na Dispensa ya Rhoda

Kama kuna mtu pale Masumbwe aliyekuwa na haki ya kuipenda ile mashine, ni Euphrasia, na asije mtu akamsema vibaya mbele yangu. Mwanamke ana miaka hamsini na minane. Meza yake ya dagaa iko sokoni tangu binti yake Rhoda ni wa kubebwa mgongoni. Goti la kushoto limevimba, bega la kulia halipandi, na akishakaa chini hainuki mpaka ashike kitu. Ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu nzuri, kwa sababu hana nguvu za kukueleza nyingine.

Rhoda ndiye aliyeileta, mwezi wa sita, kutoka Geita mjini anakofanya kazi ya ukarani. Dispensa: kitu kirefu, cheupe, juu yake limepinduliwa dumu kubwa la maji, mbele kina koki mbili. Unabonyeza ile nyekundu, maji ya moto hayo, unatumbukiza kifuko cha majani, umemaliza. Aliisimamisha sebuleni kando ya kabati, akaichomeka kwenye umeme, kisha akachukua birika la baba yake, Bujiku, lililojaa masizi, pamoja na jiko la mkaa, akavisukumia stoo nyuma ya magunia ya mpunga.

"Moshi sasa basi," alisema. "Muuguzi alishawaambia kifua cha baba hakitaki moshi, na nyie kila siku mnampulizisha mkaa."

Aliposema nyie alimaanisha mama yake. Baba hasemwi, hata akiwa ndiye mwenye makosa. Bujiku mwenyewe alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake, mikono magotini, akiitazama ile koki nyekundu. Akashukuru vizuri tu. "Asante mwanangu, umetukumbuka."

Sasa ni lazima umjue Bujiku kidogo. Miaka kumi na tisa alilisha mawe kwenye karasha, machimbo haya akihamia yale, mashine inasaga mwamba na yeye anameza vumbi lake. Alirudi nyumbani na kifua kinachopiga filimbi. Mwaka wa kwanza akaliacha jembe, uliofuata akaiacha baiskeli. Baadaye hata kumsaidia mkewe kubeba tenga la dagaa kukamshinda; hatua ishirini tu, anasimama kama mtu aliyesahau kitu. Kazi zote zilimtoka mikononi, ikabaki moja.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa anatoka barazani, anawasha jiko kwa magunzi, anapuliza, anakohoa, anapuliza tena. Tangawizi anaiponda kwa kitako cha chupa. Birika likichemka analiepua, anasubiri, analirudisha, mpaka lichemke mara tatu, kama walivyokuwa wakifanya kambini kule machimboni. Halafu anamimina kikombe cha kwanza na kumpelekea mkewe kitandani. "Mwangaluka, mama Rhoda," anamwamkia kwa Kisukuma chao, na Euphrasia anaitikia huku jicho moja bado limefumba. Wajukuu wakija likizo walikuwa wanawacheka, babu anampikia bibi chai. Wacheke.

Kambini kwao kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote. Kila mtu alikuwa na asubuhi yake ya kuwasha moto. Aliyekunywa chai bila kushika zamu yake ya moto ni mgonjwa, na mgonjwa hahesabiwi. Hawakumfukuza. Walimpa kikombe chake vizuri, wakamwambia pumzika ndugu yetu, wakashuka shimoni bila kumwita jina. Siku chache baadaye alikuwa anafunga begi mwenyewe. Bujiku aliwahi kumsimulia mkewe habari hiyo, zamani, kama mtu anavyosimulia mambo ya kazini. Euphrasia aliisikia ikapita. Rhoda hakuwahi kuambiwa.

Wiki ya kwanza Euphrasia alilala mpaka saa kumi na mbili, na niseme ukweli, alifurahi. Hakuna mkaa wa kununua, hakuna kusugua masizi, hakuna kuamshwa na kikohozi cha barazani. Anaamka, anabonyeza, chai mbili, moja yake, moja anampelekea Bujiku. Jirani yake Mwamvua alikuja kuishangaa, akabonyeza mwenyewe mara tatu, akasema mwenzetu umeshapumzika. "Nimepumzika," Euphrasia alimjibu, na alikuwa anamaanisha.

Wiki ya pili Bujiku aliacha kuvaa viatu asubuhi. Ya tatu, chai ikawa inamkuta bado amelala, ameangalia ukuta. "Weka hapo," anasema. Euphrasia akirudi kutoka sokoni saa tisa, kikombe kipo palepale, kimejaa na kimepoa. Homa Bujiku hakuwa nayo. Muuguzi wa zahanati alikuja, akamsikiliza kifua, akasema kifua ni kilekile, si kibaya zaidi, labda kizuri kidogo. Ale tu. Lakini Bujiku hali.

Euphrasia alijaribu, msidhani alikaa tu. Alimpa kunde achambue. Zikabaki kwenye ungo. Alimwambia awafungulie kuku. Kuku wakashinda bandani mpaka Mwamvua akasikia kelele zao. Siku dumu la dispensa lilipokwisha, akafanya kosa ambalo bado linamuuma. Alimwambia, "Baba Rhoda, hii kazi ya kubadilisha dumu iwe yako." Alidhani anampa kitu. Bujiku akainuka, akavaa viatu kabisa, akalikumbatia dumu jipya la lita ishirini, akalifikisha kifuani. Hapo pumzi ikamkatika. Dumu likaanguka, maji yakatapakaa mpaka chini ya kabati, naye akaangukia kiti, mdomo wazi, akihangaika kuvuta hewa. Alipoweza kusema, alisema, "Muite mtu mwenye nguvu." Akavua viatu, akarudi kitandani.

Euphrasia alikausha sakafu kwa goti lile lile bovu. Alikuwa amechoka. Alimchukia mumewe kwa dakika nzima, akamchukia na Rhoda kwa wema wake, akaichukia na mashine iliyokuwa imesimama pale inang'aa. Halafu, akiwa bado ameshika tambara, ile habari ya kambini ikamrudia, yote, mpaka ya begi. Akakaa palepale kwenye maji. Mtu huyu hakuwa anaumwa. Alikuwa amepewa kikombe chake vizuri, na hakuna aliyemwita jina.

Angempigia simu Rhoda, angesema nini? Kwamba baba yako anataka moshi? Rhoda angekuja na gari la kukodi kumpeleka hospitali, na angekuwa na haki. Muuguzi naye alikuwa na haki. Moshi ule ungemla Bujiku, hilo Euphrasia alilijua bila kusomea. Alikuwa amelala kando ya kile kifua usiku wote wa miaka hii. Lakini kitanda nacho kilikuwa kinamla, na hicho ndicho kilichokuwa kinakwenda haraka zaidi. Hapo katikati hapakuwa na njia ya tatu. Na kama ungekuwepo ukamwambia ipo, nadhani angekupa hilo tambara uendelee kukausha.

Jumamosi alfajiri aliamka kabla ya jogoo. Akaichomoa dispensa ukutani, akaifunika kwa khanga. Alikwenda stoo, akalivuta jiko kutoka nyuma ya magunia, akaliweka barazani, na birika juu yake, masizi yake vilevile. Akarudi kitandani na miguu yake ya baridi.

"Baba Rhoda," akasema. "Umeme hakuna."

Akajifunika blanketi.

"Na mimi goti leo halikunjuki. Sijui chai tutaipataje."

Alisikia kitanda kinalia. Alisikia mumewe anatafuta viatu gizani, kimoja, kisha cha pili. Mlango ukafunguka. Muda ukapita, halafu harufu ya magunzi ikaingia ndani, na kikohozi nyuma yake, kirefu, cha kuchimba, kikakoma, kikaanza tena. Kila kilipoanza Euphrasia alishika ukingo wa blanketi. Mara mbili alitaka kutoka. Hakutoka. Alilala akihesabu birika linaepuliwa, linarudishwa.

Bujiku alikuja na vikombe viwili, jasho kwenye paji la uso, macho mekundu, majivu kwenye nyusi. Akakaa ukingoni mwa kitanda na kunywa chai yake yote, akala na kiazi kilicholala, akaomba kingine. Kulikuwa kumeshapambazuka. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ya Chacha ikawashwa. Ile ni ya umeme, na mtaa mzima unaijua kwa mlio wake. Wakaisikiliza wote wawili.

"Mama Rhoda."

"Abee."

"Chacha anasaga."

"Namsikia."

Bujiku alikizungusha kikombe kitupu mkononi. Kikohozi kikamshika, kikamkunja mpaka akashika ukuta, na Euphrasia akamwekea kiganja mgongoni, akasubiri kipite. Kilichukua muda.

"Kesho pia umeme usiwepo," Bujiku akasema, sauti imebaki kidogo.

Euphrasia alitazama ukuta ule ule ambao mumewe alikuwa akiutazama wiki zote zile.

"Hautakuwepo," akamwambia.