Chakula cha Dada: Kutoka Kasulu hadi Mabamba

Nilisafiri kwa sababu ya ushauri nilioutoa mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikitengeneza saa katika baraza ya duka la Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Kasulu, na kila mwaka nilimwona akipanga vitaa vya udongo ukingoni mwa baraza ile. Nilidhani sikukuu yao ya Diwali inaishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 1993 nilijua kwamba ina siku tano, na kwamba kwake yeye kubwa kuliko zote ni ya mwisho, Bhai Bij, siku ambayo kaka huenda kula kwa dada yake.

Dada yake, Kamla, alikuwa mjane mwenye duka la chumvi na vitenge ng'ambo ya mpaka, Burundi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mabamba. Kila mwaka Mzee alivuka kwenda kwake. Mwaka huo mauaji yalikuwa yameanza kule, na watu walikuwa wakikimbilia kwetu. Aliniuliza nionavyo. Nilifikiri siku mbili, kisha nikamwambia kwamba kuingia kule ni hatari kuliko kutoka. Amwandikie Kamla aje Mabamba, wale chakula chao pale, kisha amlete Kasulu moja kwa moja.

Alisita. "Siyo desturi, fundi," alisema.

Hata hivyo barua aliiandika, ikachukuliwa na wachuuzi wa maharage. Jibu halikurudi. Akaniomba nifuatane naye.

Kasulu, saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka kwa pikapu yake, yeye mwenyewe akiendesha. Chini ya kiti kulikuwa na sari mpya, imefungwa kwa gazeti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na tulikwenda polepole, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuuliza yote niliyokuwa sijawahi kuuliza. Diwali, alinieleza, maana yake ni safu ya taa. Ram, mwana wa mfalme, alifukuzwa kwao akaishi porini miaka kumi na minne. Siku aliporudi hakukuwa na mwezi, watu wakamwashia taa aione njia ya nyumbani. Ndiyo maana taa huwashwa usiku usio na mwezi.

Baada ya Makere tulianza kuwakuta wakimbizi. Walikuwa wametoka mpakani siku nyingi na walitembea bila kututazama. Mwanamume mmoja alibeba mlango kichwani, mlango wa mbao wenye bawaba zake, wala hakuwa na mzigo mwingine. Kando ya barabara kulikuwa na vilima vifupi vya udongo mbichi. Mzee Jayanti alipunguza mwendo kila tulipovipita.

Hapo ndipo aliponieleza Bhai Bij. Yama, mungu wa mauti, alikuwa na dada aitwaye Yamuna, na kwa miaka mingi hakwenda kumwona. Siku alipokwenda, dada alimpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akamlisha. Yama akafurahi, akaahidi kwamba kaka yeyote atakayekula kwa dada yake siku hiyo hatachukuliwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kaka hafungui kinywa mpaka alishwe na dada.

"Na dada naye anakingwa na nini?" niliuliza.

"Dada anapewa zawadi," alisema.

Kibondo, jioni. Nyumba za wageni zilijaa, tukalala ndani ya gari. Mzee alikula ndizi mbili, akaniambia ndicho chakula chake cha mwisho mpaka amwone Kamla.

Mabamba, saa tatu asubuhi, siku yenyewe. Tulifikia kwa Mzee Gwasa, mnunuzi wa maharage, ndiye aliyekuwa ametafuta wachuuzi wa kupeleka barua. Mkewe alituletea ugali wa muhogo na maharage. Mzee Jayanti alinawa mikono kwa heshima, lakini hakula.

"Ndugu yangu," Gwasa alimwambia, "nyama najua hamli. Sasa mmegombana na maharage pia?"

Mzee alicheka, akamweleza. Gwasa akasema kwamba yeye ana dada watano, na wote huja kula kwake; laiti angezaliwa Mhindi. Hicho ndicho kicheko pekee nilichokisikia katika safari hiyo.

Tulikwenda kwenye mto ulio mpakani. Askari wa mpakani alituambia kwamba wanaotoka Burundi anawapokea, lakini kuingia kule hamruhusu mtu. Tukakaa juu ya gogo. Watu walivuka kwa makundi, maji yakiwafika kiunoni, na kila kundi Mzee alisimama akatazama nyuso. Saa sita alisema Kamla hutembea polepole.

Saa tisa alivuka mwanamke aliyelowa mpaka mabegani, mikono mitupu. Alipomwona Mzee alipiga magoti matopeni. Alikuwa Spesioza, mpishi wa Kamla.

"Databuja," alimwita, kama watumishi wa kule wanavyomwita bwana wao. Nilimsemesha kwa Kiha, kinachosikilizana na Kirundi chake, na maneno yake nayaandika kwa mpangilio alioufuata. Barua ilifika. Kamla aliisoma mara mbili, akacheka. Majirani walipoondoka walimsihi afuatane nao, akakataa. Aliwaambia kwamba siku hiyo dada hamfuati kaka. Kaka ndiye huja, na akikuta mlango umefungwa ni yeye atakayekufa. Alfajiri ya siku yenyewe alikuwa jikoni. Kulipokucha walikuja watu wenye mapanga, wakitaka chumvi. Aliwapa magunia yote, akawaomba wasimwage vyungu, kaka yake yu njiani. Spesioza alikuwa migombani. Aliona paa likiwaka, na hakuona mtu akitoka.

Mzee Jayanti aliuliza jambo moja tu. "Alikuwa amekwishapika?"

"Alikwisha, Databuja. Wali wa maziwa, na zile chapati ndogo za mafuta. Alivifunika kwa kitambaa."

Tulirudi Kasulu kwa siku mbili. Spesioza tulimwacha Kibondo kwa watu wa kijiji chake; Mzee alimpa ile sari ajifunike, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine. Njiani mimi ndiye niliyesema. Nilisema kwamba kama angevuka mwenyewe, tungezungumzia vifo viwili.

"Ndiyo," alijibu. "Baada ya kula."

Mimi ni mtu wa kupima kabla ya kukata. Nilipima barabara, mto, askari na mapanga, na mpaka leo naamini nilivipima sawasawa. Nilichojifunza ni kwamba nilimpimia mwanamke nisiyemjua, na sikumwuliza Mzee swali ambalo lingetosha: siku hiyo dada huweza kuondoka, au ni lazima akae akingoja. Angenijibu palepale barazani, kabla ya kushika kalamu.