Majumba ya Baba Yasiyo na Watu

Juzi nilikuwa Ngara nikimnunulia mwanangu vifaa vya kuchorea, na mwenye duka akafungua chupa ya wino mweusi kunionyesha kwamba haujakauka. Sijui kama mnaijua harufu hiyo. Iko katikati ya moshi wa kuni na dawa ya nondo. Nilisimama pale kaunta nimeduwaa mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi Waithaka, mezani kwetu, Jumamosi alasiri, na baba ameinamia karatasi.

Baba alikuwa akichora ramani za nyumba katika ofisi moja ya wasanifu majengo katikati ya mji. Wiki nzima alichora ploti, yaani majengo ya kupangisha, bedsita za chumba kimoja kimoja juu ya bedsita, na choo kimoja cha wote mwisho wa korido. Jumamosi alirudi mchana, akanawa mikono, akaondoa kitambaa cha meza alichofuma mama, akaanza kuchora majengo yake mwenyewe. Mama alifariki nikiwa bado chekechea. Tulibaki wawili, na baba hakuwa mtu wa maneno. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu. "Maitu, umekula?" "Maitu, umefunga mlango?" Kuna siku hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, asubuhi mpaka kulala.

Majengo yenyewe, jamani, yalikuwa ya ndotoni. Baba alikuwa na kitabu kikuukuu kisicho na jalada, chenye picha za magofu ya Wayunani na Warumi wa kale, lakini hakuyaiga. Alikichungulia, akakifunga, kisha akachora kwa wino kitu ambacho hakijapata kujengwa popote: nguzo ndefu zilizobeba mawingu, ngazi pana zinazoshuka mpaka ndani ya maji, matao yanayofuatana mpaka ya mwisho huwezi kuyaona bila kukodoa macho. Halafu alichovya brashi kwenye kikombe, na rangi ya maji ikaenea polepole juu ya mawe, buluu iliyopauka, kahawia ya uji wa wimbi. Jambo moja tu lilimsaliti kuwa ni mtu wa kwetu. Hakuweza kuvumilia paa lisilo na gata la kukingia maji. Hekalu lake la Kirumi lilikuwa na gata pande zote, na ukitazama vizuri nyuma ya nguzo uliona tangi la maji ya mvua.

Tata Njeri, dada yake, alipitia kwetu Jumapili baada ya kanisa, akazitazama picha hizo huku ameshika kikombe cha chai.

"Wahenga walisema nyumba njema si mlango," alimwambia. "Sasa wewe umechora milango kumi na hakuna ndani. Hata choo hakuna."

Baba alicheka kidogo kwa pua, akamwongezea chai.

Mimi kilichoniuma hakikuwa choo. Majengo yale hayakuwa na mtu. Kwenye ramani za ofisini niliona baba akiweka watu wadogo mbele ya ploti, mama na kikapu, mzee na mwavuli, ili mwenye kujenga ajue jumba lake litakuwa kubwa kiasi gani. Lakini haya ya Jumamosi yalikuwa matupu. Nilikaa upande wa pili wa meza, kidevu juu ya mikono, nikitafuta mtu mmoja tu kati ya nguzo zile, na nilitaka mtu huyo awe mimi. Niliona wazi kwamba baba akishika brashi anaondoka, anakwenda huko, na nilitaka kujua kama huwa ananichukua.

Siku moja nilijikaza.

"Baba, hapa kunakaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Si uniweke mimi? Hapa tu, kwa ngazi."

Aliinua brashi, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi. Alifikiria kwa kweli, hilo siwezi kumnyima.

"Hapana, Maitu. Nikikuweka hapo picha itaharibika."

Sikulia. Nilitoka nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, na baridi ya Julai ikanipenya mpaka mifupani. Hakunifuata. Tangu siku hiyo sikuomba tena. Niliendelea kukaa mezani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukaa, ila nilikaa kama mgeni. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, mpweke kuliko nilivyojua kueleza. Nilipokwenda shule ya bweni, kila likizo nilikuta picha mpya ukutani, nikazipita tu bila kuzitazama.

Siku hizi ninachora majiko ya watu huko mtaa wa matajiri wa Karen. Mwaka jana nilimwonyesha mteja mmoja, mama mfupi mwenye mzaha, mchoro wa kabati zake.

"Na huyu mwenye kupika hapa ni nani?" akauliza. "Mimi sijawahi kuona juu ya kabati maishani. Umenichorea jiko la mtu mrefu."

Alisema kweli. Kila mchoro wa namna hiyo una mstari usioonekana, na mstari huo ni kimo cha macho ya anayetazama. Mimi nilikuwa nimeuweka kwenye kimo changu kwa mazoea. Nikaushusha mpaka kwake. Kabati zikapanda juu yetu, kubwa, za kutisha kidogo. Nguzo za baba zilikuwa kubwa namna hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilienda Waithaka na rula. Nilizishusha picha zote ukutani, nikazipanga kwa miaka aliyoandika pembeni, nikafuata mistari ya kila jengo mpaka inapokutana, pale penye kimo cha macho, na nikapima kimo hicho kwa vidato vya ngazi. Katika ile ya zamani kabisa, macho yalikuwa juu kidogo ya kiuno changu cha leo. Iliyofuata, yamepanda. Mwaka baada ya mwaka yalipanda kidogo kidogo. Hakuna mtu mzima anayeiona dunia kutoka pale. Kisha nikafika kwenye zile alizochora nikiwa bwenini, na hapo mstari ulikoma kupanda. Kila likizo nilirudi nimerefuka, lakini yeye alinibakiza kwenye kimo nilichoondoka nacho.

Nilimkuta shambani akipalilia sukumawiki.

"Baba, mbona hukuwahi kuniambia? Zile picha zote ulikuwa unachora kwa macho yangu."

Alisimama, akajiegemeza kwenye jembe, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilidhani unajua, Maitu. Si ulikuwa umekaa hapo tu?"

Kweli, nilikuwa nimekaa hapo. Jumamosi zote hizo yeye alidhani tumekwenda pamoja, na mimi nilidhani ameniacha nyumbani.