Milango ya Zahanati na Mashine Niliyoichagua

Siku yangu ya kwanza katika karakana moja hapa Garsen, Fundi Mkuu, Mzee Jilo, alinipa patasi na nyundo ya mbao, akaniambia nitoboe tundu moja la fremu ya mlango. Nilitoka jasho asubuhi nzima. Kisha akachukua ulimi, yaani kile kichwa cha mbao kinachoingia kwenye tundu, akausukuma kwa kiganja. Ukaingia. "Sasa umeanza kazi," alisema. Sikumsikia akinisifu tena kwa miaka mingi.

Nilipopandishwa kuwa msimamizi wa mashine, Mkuu wa Karakana alinituma Malindi kuchagua mashine ya kutoboa matundu. Ninyi mafundi vijana mnaosoma haya, mkifika dukani mnatazama rangi. Mimi nilitazama jiriwa kama inabana mbao isicheze, nikavuta mkono wa kushushia nione kama patasi inashuka wima. Patasi yake ina pembe nne, tupu katikati, na keekee, ule msumari wa kutobolea, huzunguka ndani yake. Kati ya ncha zao acha nafasi ya unene wa sarafu, la sivyo chuma kitaungua. Niliiacha ile ndogo ya mezani, nikachukua ile nzito yenye miguu yake, maana mbao zetu, mbambakofi na mwarobaini, ni ngumu. Mashine nilichagua vizuri, hilo sijutii.

Baada ya mafuriko tuliagizwa milango ya zahanati upande wa Minjila. Mbao zetu zilikuwa zimelala majini, kisha zikaanikwa juani hadi zikapauka juu. Mzee Jilo aligonga moja kwa kidole.

"Buya, hii mbao ndani bado iko na maji. Tafuta ingine."

"Mzee, mashine haichagui," nilimjibu nikicheka.

Akaenda mazishini kwao, nami nikawasha mashine. Patasi ya mkono ingenikataza, kwa sababu mkono husikia mbao mbichi. Maranda yalitoka yameshikana kama ugali, nikayakwangua nikaendelea. Mzee aliporudi, milango ilikuwa imekwisha pakwa rangi.

"Ulibadilisha mbao?"

"Nilibadilisha, Mzee."

Akatia sahihi hati ya kuthibitisha milango.

Kiangazi kilipokuja ndimi zilinywea, zikachomoka kwenye matundu. Mlango mmoja ulimwangukia mama aliyeleta mtoto kupimwa, ukamvunja bega. Barua ilitoka ofisi kuu huko Hola: Fundi Mkuu aachishwe kazi, kwa kuwa sahihi ni yake. Nilinyamaza. Cheo chake nikapewa mimi, nikakikalia hadi nikastaafu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee alihamia Tarasaa, akawa anachonga mipini ya majembe, na huko akafariki. Wiki niliyostaafu nilikwenda kwa mjane wake. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote, bila kujitetea.

"Alijua," alisema. "Alienda kuangalia ule mlango, akaijua mbao."

"Mbona hakusema, mama?"

"Alitaka useme wewe. Alisema, Buya si mtu mbaya, atakuja tu. Mtu akibisha hodi hapa, alikuwa anainuka mwenyewe kufungua."

Kutoka Garsen hadi Tarasaa si safari ya hata saa moja.