Zaburi ya Kuitazama Milima

Biblia ya bibi bado inanuka moshi wa jikoni, ingawa imekaa sandukuni miaka mingi. Kila nikiifungua, nasikia lile lori likiunguruma nje ya uzio wetu.

Asubuhi ya lori hilo mgambo watatu walipanda nalo mlimani kuja kutuhamishia nyikani, kwenye kijiji kipya cha serikali. Walitukuta kwenye ibada ya nyumbani. Kwetu mtu hakatizi ibada kabla ya Amina, na wao walikuwa washarika kama sisi, kwa hiyo walivua kofia wakasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," mkubwa wao alinong'ona.

"Marahaba. Tuko kwenye neno," bibi alijibu.

Mle ndani ni mimi tu niliyejua kusoma. Nilisoma ile zaburi ya kuinua macho kuitazama milima, na kila mstari bibi alinisimamisha aufafanue.

"Msaada hautoki milimani," alisema. "Unatoka kwake aliyeiumba. Rudia."

Nikarudia. Tulipofika kwenye jua lisilompiga mtu mchana, alieleza ukali wa jua la nyikani mpaka maharage yakaanza kuungua, na mama hakuthubutu kwenda kuepua sufuria. Nje dereva alipiga honi mara mbili. Bibi alikuwa ameshika kingo za kigoda kwa mikono yote miwili.

"Rudia tena."

Nilikuwa na njaa. Nilisoma mbiombio mpaka mstari wa mwisho, ule wa kulindwa utokapo na uingiapo, nikafunga kitabu, na kama nilivyofundishwa, nikasema Amina.

Bibi alinitazama. Mgambo wakavaa kofia.