Magunzi Yalipoingia Shambani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijatulia kichwani mwangu. Ikinijia nikiwa nimekaa, nainuka. Ikinikuta nimesimama, naanza kuzunguka ua. Nimesikia umepangiwa darasa la awali kule Zombo, kwamba utashuka kwenye treni Kilosa halafu utafute bodaboda. Basi kabla hujafunga begi, nisikilize kidogo.

Nilikuwa mwalimu mpya Rudewa, umri wako huu huu. Mwaka huo wakulima na wafugaji walikuwa wameacha kusalimiana. Ng'ombe waliingia mashambani, mahindi yakaliwa yangali mabichi, watu wakashikana kwa fimbo, mmoja akavunjwa mkono. Kisimani, kina mama wa upande mmoja wakifika, wa upande wa pili hujitwisha ndoo hata hazijajaa wakaondoka. Wahenga walisema wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi. Nyasi zenyewe, mwanangu, zilikaa kwenye mkeka wangu kila asubuhi, zimevaa sare za shule.

Alikuwapo Hamisi, ambaye shamba la baba yake lilikuwa limeliwa karibu lote. Alikuwapo na Naserian, binti wa wafugaji, ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Tangu aanze shule hakuwahi kufungua mdomo. Alikaa karibu na mlango, ananitazama tu.

Asubuhi hiyo watoto walikuwa nje, wakati wa michezo. Hamisi alikuwa amechomeka vijiti ardhini, mistari kwa mistari. Hilo lilikuwa shamba lake. Nikamwona Naserian anakusanya magunzi ya mahindi, anayapanga, kisha anayaswaga polepole huku akipiga mluzi kwa chini. Magunzi yale yalikuwa ng'ombe. Akayaingiza moja kwa moja katikati ya vijiti. Hamisi akanyanyuka na fimbo.

Nilikimbia. Nilitaka niyazoe magunzi yote nikayatupe, niwaingize watoto darasani waimbe a, e, i, o, u mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu wetu, Mama Tekla, mtu mzima wa kutoka milimani, mlezi wangu wa kazi, alikuwa barazani anatazama. Akaniita kwa ukali ambao sikuuzoea.

"Mwanaidi, mnyang'anye fimbo. Mchezo uache."

Nikamjibu kwamba watagombana, na wazazi wao watasikia.

"Ugomvi wameukuta nyumbani kwao," akasema. "Hapa wanajaribu kuuelewa. Ukiufukuza hapa, unadhani utakwenda kulala wapi?"

Nilichukua fimbo, nikaketi mavumbini. Nikayaonyesha magunzi kwa kidole, nikauliza, hawa ng'ombe wanatafuta nini humu shambani? Ndipo Naserian akasema, "Enkare," akanyoosha kidole kwenye ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa ng'ambo ya vijiti. Kimaasai hatukukijua, lakini hakuna aliyehitaji mkalimani. Hamisi akaitazama ndoo, akalitazama shamba lake, akasema kwa hasira, "Sasa si wapite pembeni?" Akaanza kukwaruza njia kwa kisigino.

Kwa siku kadhaa masomo yetu yote yalitoka hapo. Tulihesabu ng'ombe waliokwenda kunywa na waliorudi. Tulifinyanga vibirika vya udongo vya kunyweshea ng'ombe, tukapima kipi kinajaa upesi. Tulitunga wimbo wa kuita mvua, tukafundishana maneno ya lugha mbili. Haya ndiyo mnayofundishwa chuoni siku hizi, kuyaunganisha masomo ndani ya mchezo hadi mtoto asijue hesabu imeishia wapi na lugha imeanzia wapi. Sisi tulikuwa tunapapasa tu. Wala usidhani nilitulia. Kila baiskeli iliyosimama nje nilichungulia dirishani, nikihofia ni mzazi.

Siku ikafika. Baba Hamisi alikuja asubuhi, amekunja uso. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba bila kuwatazama.

"Mwalimu, mahindi yangu yaliliwa kweli, si vijiti," aliniambia. "Udongo uwahi ungali maji. Nimemleta mtoto ajifunze kusoma, nyie mnamfundisha kuchunga."

Mama Tekla hakubishana. Alimpa pole ya shamba, pole ya kweli, kisha akamwomba akae atazame kipindi kimoja. Kukaa alikataa, akabaki mlangoni. Basi Naserian akainuka, akamwendea, akainamisha kichwa mbele yake kama watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa, akasubiri kuguswa utosini. Mkono wa yule baba ukabaki umening'inia. Darasa zima likamtazama. Mwishowe aliugusa utosi kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu sufuria kujua kama bado ina moto. Kisha akamshika Hamisi mkono, wakaondoka.

Wiki ile Hamisi hakuonekana. Watoto wengine nao wakaacha kuja. Nikamwomba Mama Tekla turudi kwenye ubao na chaki yaishe. Alijifunga khanga akaenda mwenyewe nyumbani kwa Baba Hamisi. Aliporudi alinieleza kwa kifupi kwamba mtoto atarejea, ila baba yake anataka amwone akiandika jina lake.

Nilikasirika, nikaona tumeshindwa. Mama Tekla akaniambia mzazi anayetaka mwanawe aandike jina lake hajakosea hata kidogo. Tutakosea sisi tukidhani jina haliandikiki mchezoni.

Na kweli, Hamisi alirudi akakuta mtoto mwingine amelichukua shamba lake. Akaja kwangu analia. Nikamuuliza, watu watajuaje kuwa ni lako? Tukakata kipande cha boksi. Alihangaika na herufi zile asubuhi nzima, ulimi nje, akafuta, akarudia, mpaka jina likasimama. Naserian alipoona hivyo akavuta boksi lake, akanakili neno 'njia' nililomwandikia, ili naye aweke kibao kwenye njia ya ng'ombe.

Baba Hamisi alipokuja kukagua alichuchumaa, akakisoma kibao cha mwanawe, kisha cha pili. Akauliza nani ameandika hiki. Nikamwonyesha. Akamgeukia Hamisi.

"Herufi zake zimenyooka kuliko zako," akamwambia. "Kaza."

Tangu hapo hakumwondoa tena Hamisi shuleni.

Mashamba yaliendelea kugombewa, sikudanganyi. Watoto hawakuimaliza kesi ya wazee wao, wala haikuwa kazi yao.

Basi, mwanangu, watakuja wazazi kudai madaftari yaliyojaa. Usiwadharau, wanaogopa, na mara nyingi wana sababu. Wafungulie mlango watazame. Mtoto akicheza jambo linalokutisha, mwondolee tu kitakachomuumiza, kisha keti chini umuulize, kwa maana mchezoni ndimo anamosema yale ambayo nyumbani hayasemeki. Somo lako lianzie hapo. Na moyo ukihangaika, uache uhangaike. Mwalimu wa watoto wadogo aliyetulia mno huenda ameshaacha kuwatazama.

Nenda. Mola akupe masikio makubwa kuliko ulimi, akupe magoti yasiyochoka kupigwa chini, na watoto wa Zombo wakukimbilie hata kabla hujawaita.