Godoro la Sufi Lililokosa Jua

Juzi mwanangu alirudi likizo kutoka shule ya bweni, akakunja mkono wa buibui na kunionyesha. Alama tatu nyekundu, zimejipanga mstari mmoja kutoka kwenye kiwiko kushuka chini, kila moja na kitone katikati. "Mama, ni mbu?" Mbu wapi! Mbu huuma ovyo, hapa na pale. Kunguni hutembea huku anakula. Nililipandisha godoro lake la shule hadi darini, juu ya paa, nikalipekua mishono, na mle ndani nikamkuta mmoja, bapa, rangi ya ukwaju. Nikamponda kwa ukucha. Ile harufu ikapanda, harufu ya dania iliyoozea mfukoni. Nikakaa chini papo hapo kwenye saruji.

Mwenzangu, harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka tisa, Mji wa Kale, nyumbani kwa nyanya.

Uchochoro wetu ulikuwa mwembamba, nyanya akikaanga pilipili, jirani wa ng'ambo anapiga chafya. Asubuhi ilianza kwa sauti ya kinu, kisha watoto wa chuoni wakisoma Kurani kwa pamoja, kisha muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Mama yetu alikuwa Uarabuni, akifanya kazi za nyumba za watu. Sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa miaka sita, tulilelewa na nyanya. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kukaa mbele ya mbuzi ya kukunia na kuiba nazi niliyokwisha kuikuna.

Nyanya alikuwa na magodoro ya sufi aliyoyashona mwenyewe, na alijivunia sana. Siku hizo mtu akifa mtaani hakuna aliyeombwa kitu. Wageni wa matanga watalala wapi? Basi kila nyumba ilitoa magodoro, yakavuka uchochoro juu ya vichwa vya watu. Jirani wa ng'ambo alipofiwa na mumewe, yetu yalikwenda yote. Yakalaliwa na watu wa Lamu, wa Malindi, wa sijui wapi. Hitima ilipokwisha yalirudi yamekunjwa vizuri, yananukia udi.

Hazikupita siku nyingi mdogo wangu akaanza kujikuna.

Nyanya alijua. Usiniambie hakujua, maana nilimwona akishika shuka lenye vitone vya damu, akapitisha kidole kwenye mshono wa godoro penye madoadoa meusi, akanusa kidole. "Nyamaza," akaniambia. "Hayo si maneno ya kusemwa." Mimi pia niliumwa, lakini ngozi yangu haikuvimba. Wako watu hivyo, wanaliwa na hawaonyeshi. Mdogo wangu alivimba kila palipoguswa, shingoni, mikononi, miguuni.

Dawa ya kwanza kila mtu aliijua: maji ya moto kwenye maungio ya kitanda, na godoro litoke nje lipigwe jua na fimbo. Lakini godoro likitoka nje, mtaa mzima umejua. Na jirani alikuwa eda, hatoki nje, kutwa yuko dirishani, na dirisha lake linatazama baraza yetu uso kwa uso. Kulianika godoro lililotoka kwake juzi ni sawa na kumwambia mfiwa, umenirudishia kunguni. Nyanya hakuweza. "Atoke eda kwanza," akasema. "Akitoka nitalianika."

Miezi minne na ushee, eti!

Basi akatibu ngozi na kuacha kitanda. Alimpaka mdogo wangu mafuta ya nazi, akampaka manjano, akamnywesha kombe kwa maalim, yale maji yaliyooshewa aya. Chuoni watoto walikataa kukaa naye, wakisema ana upele, ikabidi atandikiwe kimkeka chake peke yake karibu na mlango. Alikuwa mtoto wa kuchekacheka. Akawa anakuja nyumbani kimya, anaanza kujikuna kabla hajavua viatu.

Nyanya akampeleka zahanati. Muuguzi, mama mmoja wa bara, alimpanua vidole akavitazama vizuri. "Huu si upele, bibi. Upele ungekuwa hapa katikati ya vidole. Haya ni ya kunguni. Kwenu wapo?"

"Kwetu?" nyanya akasema. "Mimi nyumba yangu ni safi!"

Muuguzi hakubishana. Akamwambia aoshe kwa sabuni na maji, akande kwa kitambaa baridi kupunguza mwasho, amkate kucha, ampake ile dawa ya rangi ya waridi. Pakiwa pekundu na pa moto, au pakitoka usaha, amrudishe siku hiyo hiyo. "Na godoro lianikwe, bibi. Bila hivyo tunacheza tu."

Nyanya alifanya yote, wallahi, yote isipokuwa hilo la mwisho. Usiku mdogo wangu aliumwa upya juu ya kidonda cha jana. Mguu ulipoanza kutoka usaha, nyanya alimkanda kwa maji ya chumvi, akamfunga kitambaa. Zahanati hakurudi, kwa kuwa angeulizwa habari ya godoro. Asubuhi moja wekundu ulikuwa umepanda kutoka kifundoni hadi pajani, mwili unachoma, na mtoto haitambui sauti yangu. Ndipo ikatafutwa teksi. Daktari alisema usaha umeingia kwenye damu, tumechelewa. Alifariki kabla ya alasiri. Mama alipigiwa simu, tajiri wake akamnyima ruhusa.

Matanga yakawa yetu. Magodoro ya watu yakaja juu ya vichwa, kama desturi. Jirani alikuwa ametoka eda juzi yake tu, na safari yake ya kwanza mlangoni pa watu ilikuwa kwetu. Alimshika nyanya mikono, akalia mpaka akaishiwa sauti.

"Dadangu, nilikuwa nikimwona anajikuna. Na mimi wakinila, tangu matanga yangu. Nikadhani wametoka kwenye magodoro yako. Nikaona haya kukwambia."

Nyanya alimtazama. Wanawake wakaendelea kusoma.

Siku ya nne nyanya mwenyewe aliliburuta lile godoro la mdogo wangu hadi barazani, hakutaka kusaidiwa. Tangu hapo, kila Ijumaa mpaka alipokufa, alilitoa mchana kweupe, kunguni hawamo tena, naye akakaa kando yake. Mpita njia akigeuza shingo tu, anamwambia kabla hajaulizwa: "Kunguni. Walituulia mtoto." Nilikuwa naona aibu, nakwambia kweli. Leo natamani kumwona amekaa pale.

Nyumba ile siku hizi ni ya kulala wageni, na dirisha la jirani limezibwa na mashine ya kupoza hewa. Watu wakifiwa wanakodi hema na viti, na wa mbali wanalala hoteli. Magodoro hayavuki uchochoro tena. Wala hakuna anayekaa dirishani akaona mtoto wa nani anajikuna.

Mwanangu nimemuosha, nimemkata kucha, nimempaka dawa. Godoro nimelimwagia maji ya moto kwenye mishono, nikaliweka katikati ya dari ya nyumba yetu ya kupanga hapa Tononoka, mahali ambapo huwezi kupita bila kulikanyaga. Mpangaji wa ghorofa ya chini alikuja kuanika nguo. Tumeishi naye miaka, hatujavuka salamu. Akalitazama godoro, haraka akageuza macho.

"Ni kunguni," nikamwambia.

Akachungulia ngazini kama yupo mtu. Kisha akaweka beseni chini.

"Hata kwangu wapo, dada. Mtoto halali."

"Lilete basi," nikamwambia. "Lilete sasa hivi, jua bado lipo."